Mimi Ndiye Niliyeileta Inda

Mimi ndiye niliyeileta inda kijijini kwetu. Watu huleta vitu wakirudi nyumbani: wengine wameleta upele kutoka migodini, mjomba wangu alileta baiskeli isiyo na breki ikamvunja mguu yeye mwenyewe. Mimi nilileta neno. Nililichukua shuleni likiwa dogo na maana yake ndani, nikaitupa maana ile njiani, nikajaza nyingine niliyoitunga kwa kichwa changu, na kwa ajili hiyo mwanamke mmoja alikaribia kufungishwa mzigo na kuhamishwa. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Hata sasa niko shule ya kati, nina ndevu tatu, nimezihesabu, na bado nikisema nina homa mnasema huyo anakimbia hesabu.

Jumamosi iliyopita ndiyo iliyoniharibia. Mwenzetu mmoja alifungua sanduku lake la bati bwenini, harufu ya michembe ikatoka. Ninyi wa Bukoba mliozaliwa katikati ya ndizi mtanisamehe: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikawa vikavu kama vigae, vikawekwa kihengeni kungoja miezi ya njaa. Harufu yake ni ya vumbi na sukari na jua. Basi, akatoa mitatu, akatafuna, akafunga kufuli, na huku mingine imeanza kuingia wadudu na yeye mwenyewe tumbo limejaa. Mtu akapiga kelele, “Bwana, una inda wewe!” Bweni zima likacheka, mwenye sanduku naye akacheka, akafungua, akagawa. Yakaisha. Hivyo ndivyo neno lile linavyotakiwa kutumika. Mimi nikatoka nikaenda kusimama karibu na pipa la maji, mimi ninayecheka hata katikati ya sala.

Kijiji chetu kiko mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kagongwa. Baba alikuwa Geita, chini ya ardhi, anachimba dhahabu ya wengine. Tulimwona mara moja kwa mwaka, akija na sukari na kikohozi. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yangu ana mdomo. Nalisema kwa heshima zote. Anaweza kumchekesha mtu aliyefiwa, na anaweza kumliza bibi harusi, na mara nyingine humfanyia mtu yote mawili kwa sentensi moja. Wanaosema mimi nimeharibiwa na shule hawajamsikia mama.

Jirani yetu alikuwa Mama Ngolo. Mume wake alikuwa kibarua wa reli pale Isaka; mume alipokufa, mama huyo akarudi kijijini na sanduku la bati na Kiswahili cha watu wa treni. Ngolo mwenyewe alikuwa ameolewa mbali. Mama Ngolo aliishi peke yake, nyuma ya ua wa minyaa, na sisi wote tukisalimiana “mwangaluka” asubuhi, yeye alipenda watoto wamwambie shikamoo. Nilikuwa namwambia mara tatu tatu kwa siku, kumchosha tu, na kila mara aliitikia marahaba, hakuwahi kuruka hata moja.

Wakati wa kulima pamoja mwaka ule zamu ilifika kwake, akawapikia wanawake. Ugali ukatoka mgumu. Wengine walitafuna kimya, lakini mama yangu akainua tonge lake juu, akalitazama pande zote, akasema, “Jamani, huu ugali wa Isaka. Huu hauliwi, huu unapigiwa nyundo treni ipite.” Wanawake wakaanguka kwa kicheko. Mimi niliona uso wa Mama Ngolo. Aliendelea kugawa mboga.

Sasa, juu ya kijiji chetu kuna jabali pana, limelala bapa, na hapo ndipo wanawake wote huanika michembe. Kila mmoja ana sehemu yake, aliyoachiwa na mama mkwe wake, na mipaka yake ni vijiwe vidogo vilivyopangwa mstari. Sehemu ya Mama Ngolo ilikuwa juu kabisa, inapata jua tangu linapochomoza hadi linapozama, na mbuzi hawafiki. Yetu ilikuwa chini, karibu na kichaka, saa tisa tu kivuli kimefika. Mwaka ule viazi vya Mama Ngolo vililiwa na fuko, hakuwa na hata kimoja cha kuanika. Sehemu yake ilikaa tupu, inang'aa, mijusi wanaota jua. Yetu ikawa imejaa mpaka michembe inapandana. Mama akaenda kumwomba.

“Mama Ngolo, niazime jiwe lako siku tatu.”

“Jiwe langu lina kazi.”

“Kazi gani? Halina kitu.”

“Linapumzika,” alisema Mama Ngolo. “Lilichoka kupigiwa nyundo.”

Mama alirudi amekunja uso mpaka nikaona afadhali niende nikachote maji bila kutumwa.

Hapo ndipo lilipoingia neno. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa pwani, kutoka upande wa Pangani, na wiki ile ile alikuwa ametufundisha inda bila kukusudia. Tulikuwa tunafanya hesabu kwenye vibao, kwa kalamu za mawe. Kalamu ya mwenzangu niliyekaa naye ilivunjika ikabaki unga. Mimi nilikuwa na mbili, moja naandikia, ya pili naikalia. Mwenzangu akaniomba, nikamwambia sina. Mwalimu akaniona.

“Wewe Jilala, unakalia nini?”

“Nakalia matako, Mwalimu.”

Darasa likacheka, nami nikapata kiboko kimoja cha matako hayo hayo. Kisha Mwalimu akaishika kalamu yangu ya pili juu watu waione. “Hii ndiyo inda,” akasema. “Kumnyima mwenzio kitu ambacho wewe mwenyewe hukitumii, ili tu umwone anavyohangaika. Ni ubaya mdogo, ubaya wa kitoto. Hauui mtu, unachosha tu.” Nililipenda neno lile. Lilikuwa fupi, lina ladha mdomoni kama kitu kilichoungwa chumvi. Nililirudia njia nzima.

Siku ya pili yake nilikuwa jabalini nafukuza kuku, wanawake wanageuza michembe yao, na mama analalamika juu ya jiwe lililokatazwa. Nikasema kwa sauti, kama mtu mzima, “Mama Ngolo ana inda.”

Wakanyamaza wote. Pale Kiswahili kilikuwa cha kununulia chumvi dukani na kuitikia mbele ya karani, basi. Mama Kulwa, ambaye habari ikimpita bila kumsalimia huugua, akaacha kugeuza michembe. “Inda? Ndiyo nini hiyo, Jilala?”

Wenzangu, kumbukeni mlivyokuwa na miaka tisa. Ni lini watu wazima saba waliwahi kuacha kazi na kungoja neno kutoka mdomoni mwenu? Ningesema tu aliyosema Mwalimu, wangesema “aa, kumbe,” wakaendelea na kazi. Nilitaka wasiendelee na kazi. Asubuhi ile nilikuwa nimeiba mchembe mmoja kwenye kihenge chetu; mama, kwa kukosa nafasi na kwa hasira, alikuwa ameanza kuitia michembe humo kabla haijakauka. Ule niliouiba ulikuwa mkavu juu, ndani unanama kama sikio. Nikachukua jambo hilo hilo.

“Inda,” nikasema, “ni jicho la watu wa mjini. Mtu mwenye inda akikitazama chakula chako hakikauki. Juu utaona kikavu, ndani kinaoza. Mwalimu amesema.”

“Ng'wanawane!” akasema Mama Kulwa, yaani mwanangu, na akajifunga kanga upya, kama mtu anayetaka kukimbia. Mimi nikaenda zangu kufukuza kuku, nimevimba kama chura.

Siku chache baadaye mama akafungua kihenge, ukungu ukamwangalia. Nusu ya michembe ilikuwa imeota manyoya ya kijani. Kwa mtu mwenye mume Geita na watoto wawili, hicho hakikuwa kichekesho, na hata mama hakukifanyia mzaha. Alikaa chini mlangoni mwa kihenge, mkono shavuni. Mama Kulwa ndiye aliyesema, akiwa amesimama nyuma yake, “Juu kikavu, ndani kinaoza. Si ndivyo alivyosema mtoto?”

Mama alijua. Aliitia mwenyewe kihengeni ikiwa inanama. Nilimtazama nikingoja aseme. Hakusema kitu.

Kuanzia hapo neno likapata miguu. Ndama wa mtu alikufa kwa kuhara: inda. Pombe ya mwingine ikagoma kuchachuka: inda. Kuku wa Mama Kulwa alitamia mayai kumi na moja akapata vifaranga wawili, na mimi nilijua kabisa kwamba Kulwa alikuwa akiyatikisa mayai yale kila siku asikie kama kuna mtu ndani, lakini nayo ikawa inda. Watu walilitia katikati ya Kisukuma chao kama waliozaliwa nalo. Nikipita walininyooshea kidole: ndiye huyo, ndiye aliyeijua kwanza. Mwanzoni niliona raha. Kisha nikaona kwamba hakuna anayepita tena njia ya ua wa minyaa, na kwamba watoto wakimwona Mama Ngolo wanafunika vibakuli vyao kwa mikono, na raha ikaniishia.

Aliitwa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu chini ya mtemi, mzee ambaye kila baada ya sentensi hunusa ugoro na kwa hiyo kesi zake huwa ndefu. Tulikaa uani kwake, karibu na zizi. Mwanangwa akauliza, “Mama Ngolo, watu wanasema una inda. Ni kweli?”

Mtu mwingine yeyote angekana. Hakuna aliyelijua neno lile vizuri, angekana tu, kesi ingekufa. Lakini Mama Ngolo alikuwa ameishi Isaka. Alilijua. Alilijua kwa ukubwa wake ule ule alioujua Mwalimu, na alikuwa mtu asiyeruka hata marahaba moja.

“Ninayo,” akasema. “Mama Jilala alinichekea ugali mbele ya watu, nami nikamnyima jiwe. Jiwe lilikuwa tupu. Ni inda, sikatai.”

Uani pakawa kama pameangukiwa na nyuki. Wanawake walishika vichwa. Mzee mmoja alisogeza kigoda chake nyuma. Mama Ngolo akageuka huku na huku akitazama nyuso zile, na nikaona anaanza kuelewa kwamba amejibu swali ambalo si lile aliloulizwa. “Nimenyima jiwe tu,” akasema tena, taratibu. Hakuna aliyesikia.

Mimi nikasimama. “Si kweli! Inda ni kitu kidogo! Mwalimu alisema ni kidogo! Yale mengine niliyatia mimi!”

Kicheko kilichotoka pale, mpaka leo nikilala kifudifudi nakisikia. “Huyu,” akasema mtu, “si ndiye aliyetuambia Mwalimu hulala amevaa viatu?” “Si ndiye aliyesema Geita kuna panya wanaovaa kofia?” Ndiye. Nilisema yote hayo. Na kofia nilisema zina taa.

Mwanangwa akanusa ugoro. “Kuanzia leo moto wa Mama Ngolo ni wake, na wetu ni wetu. Asiombe, asiombwe. Mwezi ukiandama mfumu, mpiga ramli wetu, atakuja kupasua kuku asome yaliyo ndani. Kuku akisema si yeye, tutamwomba radhi. Kuku akisema ni yeye, afunge mzigo.” Akanusa tena. “Ila kama Mama Jilala, mwenye michembe, atasema moyo wake umepoa kabla ya hapo, hatuna kesi.”

Watu wakamtazama mama. Mama aliangalia miguu yake.

Niliwaza sana kuhusu yule kuku. Mwanangwa hajui Kiswahili, mfumu hajui Kiswahili, na kuku naye hajui Kiswahili. Nani katika baraza lile angesema inda ni nini?

Kesho yake nilifika shuleni kabla ya kengele nikamweleza Mwalimu kila kitu, pamoja na kile cha viatu. Alinichapa vinne. Nikamwomba aje kijijini.

“Mimi mgeni hapa, Jilala. Nikienda kuwafundisha wazee mambo ya uchawi, kuku wa pili atapasuliwa kwa ajili yangu.” Lakini alichukua karatasi, akaandika maana ya inda kwa mwandiko wake ule wa kulala, mzuri mpaka nikaona kesi imekwisha. Akaikunja mara mbili. Nilikimbia nayo mpaka nyumbani, nimeishika mkononi, nisiikunje zaidi.

Mwanangwa aliifungua, akaitazama, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. “Imeandikwa nini?”

“Maana ya inda, mzee. Kutoka kwa Mwalimu.”

“Na nani ataisoma?”

Nikatazama huku na huku. Palikuwa na watu kumi na zaidi, wamekuja kusikia barua. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa darasani. “Mimi,” nikasema.

Hapo hata mbuzi walicheka, nadhani. Lakini nilisoma. Nilisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwa kidole, nikigeuza kwa Kisukuma, mara ya kwanza maishani mwangu bila kuongeza kitu. “Inda ni kumnyima mwenzio kitu usichokitumia. Ni ubaya mdogo. Hauna uchawi ndani yake.” Wakatikisa vichwa: mtoto ameanza tena. Nikaendelea, kwa sababu karatasi iliendelea, na sikujua kama ingekuwa busara kuacha. “Mfano wake ni Jilala mwenyewe, mwanafunzi wangu, aliyekalia kalamu asimpe mwenzake. Nilimwona ana inda.”

Kicheko kikakatika. Mama Kulwa akamvuta mwanawe karibu. “Kumbe hata huyu anayo,” akasema polepole. “Na imeandikwa.”

Niambieni nyinyi wenye akili. Karatasi moja, mwandiko mmoja, msomaji mmoja. Sehemu ya kwamba inda ni kitu kidogo walisema nimeitunga. Sehemu ya kwamba ninayo waliisadiki palepale, wote, mpaka yule mzee wa kigoda, aliyesogea nyuma tena. Nililia kwa hasira, sikulia kwa huzuni. Niliiweka karatasi karibu na pua ya mwanangwa nikimwonyesha kwa kidole, “Hapa! Soma hapa! Kidogo! Imeandikwa ki-do-go!” na yeye akaisukuma kwa upole, kama mtu anayeondoa nzi kwenye maziwa.

Jioni ile wenzangu waliswaga ng'ombe bila kuniita. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anasaga mtama, na habari ilikuwa imeshafika kabla yangu. Aliacha kusaga.

“Jilala. Una inda?”

“Ninayo, mama. Nilikalia kalamu.”

“Kalamu tu?”

“Kalamu tu.”

Alishika jiwe la kusagia, akaliachia. “Na yeye alikalia jiwe.”

“Alikalia jiwe tu, mama.”

Akaendelea kusaga, mara tatu, nne, halafu akasimama tena. Nilikuwa na maneno mdomoni, na nyinyi mnanijua, maneno yakifika mdomoni mwangu hayarudi. “Na ile michembe ilikuwa inanama,” nikasema. “Ulipoitia. Nilikula mmoja.”

Nilingoja kofi. Halikuja. Mama aliutazama unga ule kwa muda, kama anatafuta kitu ndani yake, akasema nikamshike mdogo wangu, analia. Mdogo wangu hakuwa akilia.

Asubuhi aliamka, akachukua kibuyu cha maji, akamwaga jikoni. Moto wetu ukalia fyuu, ukafa. Nilidhani amerukwa na akili. Akaokota kigae cha chungu, kile tunachochukulia moto kwa jirani, akasema, “Twende.” Mdogo wangu mgongoni, mimi nyuma.

Nyumba ya Mama Ngolo ilikuwa ya karibu kabisa, ukivuka kijia tu. Mama hakuvuka. Alizunguka kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, na kigae kile tupu mbele yake kama sahani ya sadaka. Watu walikuwa wanatoka kwenda kukamua. Mama Kulwa akaita, “Mama Jilala, moto umezima? Njoo, kwangu upo.”

“Asante, Mama Kulwa. Wako nitauomba siku nikiwa na kesi na wewe.”

Tulipofika kwenye ua wa minyaa tulikuwa na mkia wa watu nyuma yetu. Walisimama mbali, shingo ndefu. Mama Ngolo alikuwa ameinama jikoni uani, anakoroga uji. Siku zote zile hakuwa ameuacha moto wake uzime hata mara moja. Aliulaza kwa mavi ya ng'ombe kila jioni, kwa sababu angeuwasha kwa nani?

“Shikamoo, mama,” nikasema. Mara moja tu.

“Marahaba.”

“Nimekuja kuomba moto,” akasema mama.

Mama Ngolo hakuinua uso. “Kijiji kizima hakina moto?”

“Kinao. Nimeupita.”

Mwiko ukazunguka ndani ya chungu. “Ugali wangu bado mgumu.”

“Najua. Nimekuja na meno.”

Niliona bega la Mama Ngolo linatikisika kidogo, lakini kama ni kicheko au ni kitu kingine siwezi kuapa. Mama akageuka, akasema kwa ile sauti yake inayofika mpaka kisimani, “Michembe yangu niliivundika mwenyewe! Niliitia kihengeni mibichi! Nakwenda kumwambia mwanangwa sasa hivi, na moyo wangu umepoa!” Kisha, kwa sauti ndogo ambayo ilikuwa ya watu wawili tu, na mimi niliyekuwa mfupi: “Nilinyamaza nikuone unavyohangaika.”

Mama Ngolo aliacha mwiko. Akachukua kijiti akachokoa jikoni. Moto wake ulikuwa mzuri, makaa makubwa, mekundu, kama mapapai yaliyoiva. Akalisogeza moja, akalipita. Akalisogeza la pili, akalipita. Alichokoa mpaka kwenye kona ya majivu, akaona kitu, akakiweka kwenye kigae cha mama, akarudi kwenye uji wake.

Mwanangwa aliposikia alinusa ugoro akasema kesi haina mwenyewe, na mfumu hakuitwa, na kuku yule, ninavyodhani, aliishi mpaka uzee. Lakini msidhani neno lilirudi shuleni. Likizo iliyopita ndama wa mtu alikufa, nikamsikia mzee mmoja anasema inda, nikamweleza maana yake, nikaambiwa bado sijaacha utani wangu. Nimechoka. Nimekaa na neno hili miaka yote hii, na aliyewahi kulipima sawasawa mbele yangu ni mtu mmoja tu, asiyejua kusoma. Ilikuwa njiani, tulipokuwa tumeupita ule mkia wa watu waliokuwa wanatupisha kimya, mimi nimepewa kigae nikishike. Mama aliinama akatazama ndani yake, akaona kaa lenyewe si kubwa kuliko jino la mtoto, akasema:

“Jiko zima limejaa makaa, amenichagulia hili. Hii sasa ndiyo inda, Jilala, na ukubwa wake ndio huu. Haya, puliza, lisije likazima.”